Kebo Iliyojibu Ndiyo

Ukitaka kumkasirisha Hamissi, mwambie kwamba kompyuta inajua. Ataweka bisibisi mezani, atakutazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha atakuambia kwamba kompyuta haijui kitu. Inauliza tu. Ukiiwasha asubuhi, kabla hujaona picha wala kusikia mlio, imekwisha kumuuliza kila aliyeunganishwa nayo: wewe nani, una nguvu gani, unaweza mwendo gani? Ikijibiwa, inaamini. Isipojibiwa, inakichukulia kitu hicho kuwa hakipo. Hayo ndiyo maarifa yote, alikuwa akisema, na mengine ni majina ya Kiingereza ya kutishia wateja.

Alikuwa fundi katika duka la kompyuta la Khaled, Rohero, katikati ya Bujumbura, mtaa wa nyuma ya soko kuu. Mzaliwa wa Buyenzi, babu yake alishona kanzu, baba yake alitengeneza redio, na yeye mwenyewe maneno alikuwa nayo mengi na mikono yake ilikuwa myepesi. Tukubali pia kwamba alijipenda. Katika miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipofunga mipaka na hata msumari ukawa kitu cha kuulizia mtaa kwa mtaa, Hamissi alijifunza kutengeneza kitu kutoka kwenye kitu kingine. Watu wakamsifu, sifa zikamwingia. Vikwazo vilipoondolewa tabia ilibaki, na haikuwa yake peke yake. Mtu aliyezoea kuziba bomba kwa kipande cha ndala haamki siku moja akaanza kungoja bomba jipya.

Sasa kuna jambo la kebo, na bila hilo hakuna hadithi. Ndani ya kompyuta za wakati ule, diski iliyohifadhi kila kitu iliunganishwa na ubao mkuu kwa kebo bapa ya kijivu, pana kama mkanda wa suruali. Za zamani zilikuwa na nyaya arobaini. Diski zilipozidi kuwa na mbio, wanaozitengeneza wakaleta kebo ya nyaya themanini. Zile za ziada hazibebi neno lolote, kazi yao ni kukaa katikati ya zile zinazosema ili maneno yasiingiliane. Lakini kompyuta haina macho ya kuhesabu nyaya. Inagusa waya mmoja tu. Ikiukuta umefungwa kwenye ardhi ya umeme, inajua kebo ni mpya, inapandisha mwendo. Ikiukuta haukufungwa, inajua kebo ni ya zamani, inaandika onyo kwenye kioo na kwenda polepole ili isiharibu kitu.

Kebo mpya zilifika Bujumbura mojamoja. Za zamani zilijaa masandukuni. Na lile onyo lilikuwa kero, kwa sababu mteja aliona maandishi meupe ya Kiingereza kabla kompyuta haijaamka, hakuyaelewa, na akaondoka na jambo moja tu kichwani, kwamba ameuziwa ubovu. Walirudi na masanduku yao begani, wakamfokea Khaled, naye Khaled akamfokea Hamissi. Hadi siku moja Hamissi akachukua kebo ya zamani, akaukwangua waya ule mmoja, akauunganisha na waya wa ardhi kwa kipande kifupi cha shaba, akafunika na gundi. Onyo likatoweka. Kompyuta ikakimbia. Khaled alimwagizia soda kila aliyekuwa dukani.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi ya duka. Karibu kila kompyuta iliyotoka pale ilikuwa na kebo iliyofundishwa kujibu ndiyo. Mara mojamoja mtu alirudi baada ya miezi, faili zake zimegeuka takataka, na Hamissi akamwambia ni vumbi. Au umeme unaokatika. Au joto. Na kweli vumbi lilikuwepo, umeme ulikatika, joto la Bujumbura hatulizungumzii. Ila robo ya moyo wake ilijua, na robo hiyo alikwisha kuizoea, kama mtu anavyozoea jino linalouma akinywa baridi tu.

Julai ya 2003 vita viliteremka mlimani vikaingia mjini. Kwa miaka kumi watu wa katikati ya mji walikuwa wamejifunza kuvisema kama habari za kule, za milimani na za vitongojini. Wiki ile mabomu yaliangukia nyumba za kusini, na kitongoji kizima cha Kanyosha kikaondoka kwa miguu kuelekea mjini, na magodoro yake na masufuria yake. Maduka yalifungwa. Khaled alipofungua tena milio ilikuwa bado inasikika huko mbali, na Hamissi alipomuuliza kama haoni wamewahi mno, alijibu kwamba angekuwa mtu wa kungoja amani ndipo afungue duka, asingekuwa na duka.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mwanamke aliyefunga kitu mgongoni kwa kitenge, jinsi mtoto anavyofungwa. Hamissi alidhani ni mgonjwa anapelekwa hospitali na mama yake amekuja kuomba maji. Alizunguka meza kumsaidia, akashika mzigo kwa chini, akasikia ubaridi wa bati. Lilikuwa sanduku la kompyuta. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea.

Jina lake lilikuwa Spéciose, mke wa Hyacinthe wa Kanyosha. Mumewe alikuwa akiwaandikia watu kwa kompyuta hiyo nyumbani kwake, barua za kuomba kazi, kazi za wanafunzi wa chuo, matangazo ya arusi, na familia ilikula kutokana na hayo. Alieleza bila kulia, mfululizo, kama mtu aliyekwisha kueleza kwenye milango mingi. Mabomu yalipoanza kuanguka karibu, yeye alimfunga mgongoni mtoto mdogo na kuchukua nguo. Hyacinthe alijitwika kompyuta kichwani, akaishika kwa mikono yote miwili, akamwambia binti yao Mélissa, wa miaka saba, akamate shati lake kwa nyuma na asiachie, itokee itakayotokea. Mtoto akakamata. Hadi daraja la Muha alikuwa amekamata, Spéciose alimwona kwa macho yake. Hapo darajani bomu lilianguka upande wa mtoni, watu wakakimbia wakikanyagana, na Hyacinthe akakimbia nao, mikono juu. Ng'ambo aliposimama, shati halikuwa na mtu.

Walirudi wakatafuta. Askari wakawafukuza. Wakarudi tena. Siku zilizofuata Spéciose alizunguka makanisa, shule, viwanja, kila mahali walipojihifadhi watu, na mwisho akafika kwenye ofisi ya wale wanaokusanya watoto waliopotezana na wazazi. Dada wa ofisi ile hakumficha. Watoto waliookotwa wiki ile walikuwa wengi. Wengine wako kwenye kambi, wengine walichukuliwa na familia zilizokimbilia mikoani na hakuna ajuaye wapi. Mtoto anayesema jina lake na la baba yake anapatikana. Na Mélissa hatasema. Tangu mwaka ambao nyumba za majirani zilichomwa mbele yake, alikuwa anafunga mdomo mbele ya kila asiyemjua, na mwalimu wake mwenyewe alikaa karibu mwaka mzima hajaisikia sauti yake. Mtoto wa namna hiyo hutafutwa kwa picha. Leta picha ya uso, dada alimwambia, itapelekwa kila kambi na kila parokia. Bila picha ningekudanganya.

Nyumba ilikuwa imeungua, na albamu ndani yake. Zilibaki picha za siku ya ubatizo wa mdogo wake, zilizopigwa na binamu yao aliyetoka Ubelgiji na kamera isiyotumia filamu, akazitia kwenye kompyuta, akarudi kwake. Hawakuwahi kuzitoa kwenye karatasi. Walikuwa wakisema watazitoa.

"Fundi, mi sitaki ordinateur," alisema Spéciose, akilionyesha sanduku la kompyuta. "Itengenezwe, isitengenezwe, ni sawa. Nataka sura ya mutoto. Sura peke yake."

Hamissi alimuuliza mumewe yuko wapi. Akajibu kwamba yuko kwenye ua wa parokia walipojihifadhi, amekaa anatazama ukuta. Hajasema neno tangu darajani, na shati lile hajakubali kulivua. Watu walikuwa wakimnong'oneza mkewe maneno juu yake, kwamba baba gani huyo anayebeba bati na kuacha mtoto, na yeye aliwakatalia. Hyacinthe alibeba chakula chao, alisema. Yeye mkewe angekuwa na mikono mitupu siku ile, mtoto angemshika yeye. Kama kuna kosa basi ni la wote wawili, na yeye hana nguvu za kuanza kuligawa.

Hamissi aliyasikia hayo, akamwita kwa jina la heshima, Mama Mélissa, akamwekea kiti. Alikuwa na binti wa umri huohuo Buyenzi, naye alijiambia kwamba kazi hii ataifanya hata iweje. Sanduku lenyewe liliwashwa likakataa, hata feni haikugeuka. Si kitu, alisema, diski haikai kwenye feni. Akalifungua, akaitoa diski, akaishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika yai, akaivusha hadi kwenye kompyuta ya meza yake ya kazi. Akavuta kebo ya mezani, ile aliyozoea kuivuta kila siku, akaichomeka. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kebo ya mezani ilikuwa ndiyo ya kwanza kabisa aliyoikwangua.

Diski ilizunguka. Mlio wake ulikuwa safi, na Hamissi akatabasamu kabla kioo hakijasema kitu. Kisha jina la diski likajitokeza, na ukubwa wake, na Windows ikafunguka bila onyo lolote. Onyo lingetoka wapi? Alitafuta, akakuta folda iliyoandikwa ubatizo, akaifungua, na picha ndogondogo zikajipanga kwenye kioo. Akamwita Spéciose aje upande wake wa meza.

Katika ile ya pili kulikuwa na msichana mwenye gauni jeupe na utepe wa njano kichwani, amenyanyua kidevu, jino moja la mbele halipo, anacheka kitu kilichokuwa pembeni ambacho kamera haikukipata. Picha haikuzidi kiberiti. Spéciose aliigusa kwa kidole, akauacha mkono hapo.

"Mana yanje," alisema, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Ni yeye."

Hapo ndipo alipolia. Khaled alitoka kwenye kaunta yake akaja kutazama, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hamissi alimwambia mama akae, sasa hivi ataifungua iwe kubwa na kuichapa, lakini Spéciose alikuwa amekwisha simama. Parokia si mbali. Lazima Hyacinthe asikie, alisema, pengine akisikia atanyanyuka. Aliacha kitenge chake kwenye kiti akatoka mbio, na Hamissi akabaki na furaha ambayo hakuwa ameipata kwa mwaka mzima. Tumwachie furaha hiyo kidogo. Haikudumu.

Alibonyeza picha ili ifunguke. Kompyuta ikaganda. Mshale ulikataa kusogea, diski ikawa inakwaruza, na baada ya kungoja na kungoja akaizima na kuiwasha upya, kama tunavyofanya sote. Ilipoamka ilisema kwamba diski ya pili ina makosa na inataka kuikagua. Asiyetaka abonyeze kitufe chochote. Hamissi hakubonyeza. Siku zote aliiacha ikague. Ukaguzi ni kama kufagia, alikuwa akiwaambia wateja, na nani amewahi kuumizwa na ufagio?

Mistari ikaanza kushuka. Faili hii ina kosa, imesahihishwa. Hii nayo, imesahihishwa. Aliwasha sigara, akamwambia Khaled waagize chai, wageni wanakuja. Mistari ikazidi kasi. Imesahihishwa, imefutwa, imesahihishwa, imefutwa, hadi ikawa haisomeki, na Hamissi akasogeza kiti karibu. Diski ilikuwa imefunguka sasa hivi mbele ya watu watatu. Diski yenye makosa yote haya ingewezaje kufunguka? Alikaa na swali hilo kwa muda ambao baadaye hakujisamehe. Kisha macho yake yakashuka, yakafuata kebo ya kijivu kutoka kwenye diski hadi kwenye ubao, yakaishia kwenye tone la gundi ambalo alilitia mwenyewe.

Aling'oa waya wa umeme ukutani kwa nguvu hivi kwamba chai iliyokuwa imeletwa ilimwagika.

Alielewa yote kwa pamoja, na kuelewa kwenyewe kulikuwa adhabu. Kompyuta ilikuwa imeiuliza kebo, kebo ikajibu ndiyo, ikaamini, ikapandisha mwendo. Katika nyaya zile za zamani maneno yakaanza kuingiliana, na kilichotoka kwenye diski kikiwa kizima kikafika kimepinda. Kompyuta haikuwa na sababu ya kuishuku kebo. Aliyebaki wa kushukiwa ni diski. Basi ikaanza kuisahihisha, ikafuta yaliyo sawa na kuandika yaliyopinda juu yake, na hata hayo ya kuandikwa yalipita kwenye kebo ileile.

Alimwomba Khaled azime kompyuta yake ya hesabu. Humo ndimo ilimokuwa kebo pekee ya kweli katika duka lote, kwa kuwa Khaled hakuwa mjinga juu ya vitu vyake mwenyewe. Hamissi aliichomoa, akaiunga kwenye diski, akawasha. Diski ikaonekana tena. Folda ya ubatizo haikuwepo. Mahali pake palikuwa na msururu wa faili zenye namba badala ya majina, akazifungua moja baada ya nyingine, na nyingi hazikuwa kitu. Moja ilifunguka. Ukanda mwembamba wa juu: ukuta wa kanisa, utepe wa njano, nywele, paji la uso, mwanzo wa nyusi. Kuanzia hapo kwenda chini ilikuwa kijivu tupu.

Alijaribu kila programu aliyokuwa nayo. Nyusi hazikuteremka.

Khaled alisimama nyuma yake muda wote. Hakuwa mtu mbaya, Khaled, alikuwa mtu mwenye duka. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeshauri mgonjwa, kwamba nusu ya ofisi za mtaa ule zinatumia kebo zao. Likitoka neno moja, kila aliyewahi kupoteza barua atakuja kudai. Na huyu mama, ukimwambia ni kebo, atapata nini? Mtoto atarudi? Sanduku limebonyea, kila mtu ameliona. Sema lilianguka. Hamissi hakukubali, ila hakukataa pia, na mtu anayetaka kukataa hukataa.

Waliingia pamoja. Spéciose alikuwa mbele, na nyuma yake mtu mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni, ndevu zimemwota, shati lake jeupe limekuwa rangi ya udongo. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kazi.

"Iko wapi?" aliuliza Hyacinthe.

Spéciose alimtazama Hamissi, uso wake umefunguka wote, maana mumewe alikuwa amesema. Hamissi aliuona uso huo, na katika uso huo akakosa mahali pa kuliweka neno kebo. Alitafuta sentensi fupi kuliko zote.

"Disque ilikuwa imeumia, Mama Mélissa," alisema. "Ilianguka njiani. Ile tuliona pamoja, njo ilikuwa ya mwisho kutoka."

Akageuza kioo waone utepe, paji la uso, na kijivu. Hakuna aliyelia. Kwa mbali, upande wa kusini, mlio mzito ulisikika, na watu barabarani wakasimama kisha wakaendelea. Hyacinthe aliiangalia ile picha muda mrefu. Halafu akaangalia mikono yake.

"Mi sikuiangusha," alisema. "Niliishika na mikono miwili. Hata bomu ilipopiga, sikuachia."

Spéciose aligeuka. Alikuwa amemtetea mtu huyu kwa watu wa parokia, kwa ndugu zake, kwa dada wa ofisi, akisema alikuwa anabeba chakula chao. Hamissi aliona utetezi huo ukimtoka usoni, na hakuwa amewahi kuona kitu kibaya namna hiyo, naye alikuwa ameishi miaka kumi ya vita.

"Mikono miwili," alisema mkewe. "Mikono yote miwili, na bado uliiangusha."

Hakuipandisha sauti. Hyacinthe aliketi kwenye kiti chenye kitenge, kwa uzito, kama mtu aliyekatwa miguu, na ndipo Hamissi hakuweza tena. Alisema si kweli. Alisema diski ilikuwa nzima, haikuanguka, ni yeye aliyeiua. Khaled alimwita jina lake kwa ukali na yeye akaendelea. Aliinyanyua kebo mbele yao, akawaonyesha tone la gundi, akaeleza habari ya waya mmoja na mwendo na maneno yanayoingiliana, akaeleza jinsi kompyuta ilivyoamini na jinsi alivyoiacha isahihishe. Alieleza vizuri, maana ndiyo ilikuwa kazi yake kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo yalivyozidi kusikika kama mambo ya kutunga. Walimtazama. Kitu cha kijivu mkononi mwa fundi, na sanduku lililobonyea sakafuni. Hata yeye, kama angekuwa wao, angejua la kuamini ni lipi.

"Njo mi, Papa Mélissa," alisema. "Wallahi. Ni mi, si we."

Spéciose alitikisa kichwa. Alisema aliiona picha kwa macho yake, na aliyemwonyesha ni yeye huyu fundi, hapa hapa, kwa kebo hiyo hiyo. Mtu aliyemwonyesha mtoto wake hawezi kuwa ndiye aliyemficha. Kisha akaongeza, bila hasira, tena kwa upole uliomchoma Hamissi kuliko tusi lolote:

"We uko mutu muzuri, fundi. Lakini usijitie mu mambo yetu. Haiko uzito wako."

Hamissi alimgeukia mumewe. Huyu lazima aelewe, alifikiri, huyu ameishi na kompyuta, na anajua mikono yake ilifanya nini. Alimrudia kwa kifupi, alimwomba akumbuke darajani, akumbuke vidole vyake kwenye bati. Wewe mwenyewe umesema sasa hivi hukuiangusha, alimwambia. Shika hapohapo.

Hyacinthe alimsikiliza hadi mwisho. Alinyanyua mkono akaupitisha nyuma ya shati lake, pale kiunoni, akaushusha.

"Nilifikiri sikuiangusha," alisema. "Lakini mutoto aliniachia, na mi sikusikia kitu. Sasa hii nayo ningesikia namna gani?"

Hamissi alikaa na ukweli wake mkononi, na haukuwa na pa kuchomekwa. Spéciose aliomba achapiwe kile kilichobaki. Mashine ilitoa karatasi taratibu, kwanza ukuta, kisha utepe, kisha paji, kisha kijivu, kijivu, kijivu, na wote wanne walisimama wakaingojea kana kwamba safari hii huenda ikawahurumia. Alipoipata aliipuliza ikauke. Aliuliza kama kwenye ofisi ile wangeikubali. Hamissi akasema pengine, na wote wawili walijua kwamba hapana.

Hyacinthe alisimama akanyoosha mkono apewe aione. Mkewe aliikunja mara mbili, akaitia kifuani ndani ya blauzi, akauvuta mtandio juu yake. Sanduku hawakulichukua. Spéciose aliaga kila mtu, akamshukuru fundi tena, akashuka barazani. Mumewe alimfuata kwa mbali, mikono ikining'inia, na njia nzima hadi walipopotea kwenye kona ya soko Spéciose hakugeuka kuona kama yuko nyuma.